Kutoka ubao wa madrasa hadi mtihani wa Serikali: watoto wa Kiislamu wa Maniema na safari yao ya shule

Majuma ya mwisho kabla ya mtihani wa Serikali, usiku wa Kindu una sura yake. Katika komini za Kasuku na Mikelenge, na ng'ambo ya mto kule Alunguli, wanafunzi wa kelasi ya sita ya sekondari hukusanyika popote penye taa: kwenye baraza la jirani mwenye paneli ya jua, mbele ya duka, kwenye kona ya msikiti baada ya sala ya isha. Wanarudia itemu za miaka iliyopita, hesabu, jiografia, Kifaransa. Wale wa shule za konvansioni za Kiislamu wana kaye moja zaidi, ya dini. Ndani ya kaye hiyo mna sura za Kurani, hadithi za Mtume, nguzo za sala na zaka, na miaka ya kukariri: hijra mwaka 622, vita ya Badri 624, kufunguliwa kwa Maka 630, kufariki kwa Mtume 632, kisha makhalifa wanne hadi 661.

Miaka hiyo mtoto anaimeza vizuri. Swali linalomkwamisha ni la karibu zaidi, na mara nyingi huulizwa nyumbani kuliko shuleni: sisi huku, katikati ya msitu, mbali na bahari, Uislamu ulitufikiaje? Na kwa nini babu aliyesoma Kurani yote hakuwa na diploma hata moja?

Jibu la haraka ni kwamba dini ililetwa na Waarabu na Tippo Tip. Si uongo, lakini ni fupi mno. Watu waliofika Nyangwe na Kasongo kuanzia miaka ya 1860 walikuwa mchanganyiko: wafanyabiashara wa Kiarabu wachache kutoka Unguja, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi wa Tabora, na wengine wengi waliojiunga njiani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye Maniema nzima inamjua kwa jina la Tippo Tip, mwenyewe alizaliwa Unguja katika ukoo uliochanganya Uarabuni na Afrika. Kwa mkono wake aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mwanafunzi anayedhani Kiswahili cha kuandika kilianza na mapadri, jambo hilo linafaa kukumbukwa.

Walifuata pembe za tembo, na wakafuata watu. Hapo ndipo kaye nyingi hupita mbio, na si haki kupita mbio. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone akiwa Nyangwe, watu wa wafanyabiashara hao walifyatua bunduki sokoni, siku ya soko, penye wanawake wengi waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, kwa risasi na kwa kuzama katika Lualaba wakijaribu kukimbia. Livingstone aliandika aliyoyaona, na maneno yake yalipofika Uingereza yalizidisha kelele zilizosaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Mwanafunzi Mwislamu wa Kindu hana sababu ya kulificha jambo hilo. Waliouawa Nyangwe walikuwa bibi zake. Wengi wa waliopokea dini baadaye walikuwa watoto wa waliobaki hai, na waliipokea kwa njia zao: kwa ndoa, kwa kazi katika misafara, kwa kuishi mjini pamoja, kwa kutaka kuitwa muungwana badala ya mtumwa. Kutoka neno hilo hilo, waungwana, lugha ya huku ikapata jina lake la zamani, Kingwana.

Kasongo ikawa mji mkubwa. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia pamoja na jeshi la Dola Huru la Kongo, alishangaa kukuta nyumba nzuri, bustani na mashamba mapana. Mpunga ambao leo unapakiwa kwenye mitumbwi na kwenye kinga kwenda sokoni ulisambaa Maniema katika zama hizo. Pamoja na mpunga walikuja walimu.

Shule yao ilikuwa mkeka, ubao wa mbao na wino wa kuchanganya nyumbani. Mtoto aliandikiwa herufi, akazisoma kwa sauti, akafuta ubao, akaandikiwa tena. Hakukuwa na karatasi ya mtihani. Mtihani ulikuwa ni mtoto kuketi mbele ya mwalimu na kusoma, mwalimu akiwa amefumba macho, na palipokosewa mwalimu alifumbua. Alipomaliza Kurani yote familia ilifanya khitima, kwa mbuzi na wali, na mtaa mzima ukajua. Lugha imehifadhi kumbukumbu ya shule hiyo kuliko vitabu. Neno kuhitimu limetoka katika khitima. Mtihani, darasa, daftari, kalamu, karatasi, elimu: yote ni ya Kiarabu. Kaye, buleti, prefe, minervali na diploma yamekuja na Kifaransa. Mtoto wa Kindu anayesema "nilifanya mtihani, prefe akanipa buleti" ametaja shule mbili katika sentensi moja bila kujua.

Vita ya kati ya Dola Huru na Waswahili ilianza mwaka 1892. Tippo Tip alikuwa ameshaondoka kwenda Unguja mwaka 1890, na mwanawe Sefu ndiye aliyebaki na vita. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wao, akageuka upande wa Wabeleji. Nyangwe ikaanguka mwezi wa 3 mwaka 1893, Kasongo mwezi wa 4, Sefu akauawa kabla ya mwaka kwisha, na mwanzoni mwa 1894 Rumaliza akakimbilia mashariki. Waliobaki ni watu wa kawaida: wakulima wa mpunga, mafundi, walimu wa madrasa, wanawake wenye watoto. Wabeleji waliwaita "Waarabishwa" na kuwatazama kwa wasiwasi kwa miaka 60 iliyofuata.

Hapa ndipo historia ya mtihani inapoanza kweli. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru la Mfalme Leopold lilifanya mapatano na Vatikani: misheni za Kikatoliki zitapewa ardhi, na zenyewe zitafungua shule. Kongo ilipokuwa koloni la Ubeleji mwaka 1908 mpango huo uliendelea, na katikati ya miaka ya 1920 serikali ikaanza kulipa ruzuku kwa shule za misheni za Wabeleji. Waprotestanti walingojea ruzuku hiyo mpaka baada ya vita ya pili ya dunia. Waislamu hawakuipata kabisa. Kwa maneno mengine, mtoto aliyetaka kujifunza Kifaransa, kupiga hesabu za karani, kuwa muuguzi au mwalimu, alipaswa kupita mlango wa misheni, na ndani ya mlango huo palikuwa na katekisimu na, mara nyingi, ubatizo.

Wazazi wa Kasongo, Nyangwe na Kibombo walipima mambo mawili. Kumpeleka mtoto kwa mapadri ilikuwa ni kumpa kazi na labda kumpoteza. Kumweka madrasa ilikuwa ni kumhifadhi na kumfungia mlango wa kazi. Wengi walichagua madrasa. Wengine walikubali, na ndiyo maana hadi leo katika koo nyingi za Maniema kuna Yusufu na Joseph wa tumbo moja, na wakati wa mazishi wanagawana kazi bila ugomvi. Ni kosa kuwalaumu wale waliokataa kana kwamba walikataa elimu. Walikataa bei yake.

Wakati huo huo, Kindu yenyewe ilikuwa inakua kwa sababu nyingine. Reli ya kampuni ya Maziwa Makuu ilifika Kongolo mwaka 1911, ikiunganisha bandari ya mto na kusini. Waislamu wakaja kufanya kazi relini, bandarini, kushona nguo, kuuza samaki na chumvi. Kuliko na kazi kukawa na msikiti, na penye msikiti pakawa na mkeka wa watoto. Katika miaka ya 1920 tarika ya Kadiria iliingia Maniema kutoka Tanganyika, kwa njia ile ile ya Ujiji ambayo misafara ilitumia. Wamanyema walikuwa wametapakaa Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na Bujumbura, na barua, vitabu na walimu vilipita kwa ndugu hao. Serikali ya kikoloni iliwafuatilia wakuu wa tarika, na baadhi yao wakahamishiwa mbali na watu wao. Kwa Mbeleji, dhikiri ya usiku ilikuwa ni mkutano wa siasa.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1954. Auguste Buisseret, waziri wa makoloni, mtu wa chama cha Waliberali, aliamuru zifunguliwe shule za serikali zisizo na misheni kwa watoto Wakongo. Wakatoliki walikasirika sana. Kwa mzazi Mwislamu ilikuwa ni mara ya kwanza kuona shule ya Kifaransa ambayo haikumwomba mtoto wake abadilishe jina. Lakini shule zenyewe zilikuwa chache, na miaka 6 baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Wabeleji wakaondoka. Nchi nzima ilikuwa na Wakongo wachache sana waliomaliza chuo kikuu. Waislamu miongoni mwao walikuwa karibu hawapo.

Kisha ukaja mwaka 1964. Waasi Simba waliishika Kindu mwezi wa 7 na kukaa mpaka mwezi wa 11. Makarani, walimu, watu wa ofisi, mtu yeyote aliyejulikana kuwa amesoma, walitafutwa, na wengi wakauawa. Katika familia za Kindu bado kuna wazee wanaosimulia jinsi karatasi za shule zilivyofukiwa chini ya ardhi au kuchomwa. Kizazi kimoja kilijifunza kwamba diploma inaweza kukuua. Ni vigumu kumwambia mtoto ajitahidi kwenye masomo nyumba ambayo hofu hiyo ilikuwa haijatoka.

Hata hivyo, ni miaka michache tu baadaye, mwaka 1967, Serikali ya Mobutu ilipoanzisha Exetat, mtihani mmoja wa Serikali kwa wamalizaji wote wa sekondari, kutoka Bas-Congo mpaka Kivu. Swali ni lile lile, siku ni ile ile, na anayepata asilimia 50 amepita. Sasa haikuwa muhimu tena padri au mwalimu gani anakujua. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kasongo aliweza kulinganishwa na mtoto wa Kinshasa kwa namba. Matatizo yake yanajulikana na kila mtu, na ya pesa zinazopita mkononi kabla ya mtihani yanajulikana zaidi. Lakini kwa watu waliofungiwa nje kwa miaka 60, mtihani usiouliza ubatizo ulikuwa ni kitu.

Kilichokosekana ni shule yao wenyewe. Sheria ya mwisho wa mwaka 1971 ilipanga upya madhehebu yote ya nchi, na mwaka 1972 Jumuiya ya Kiislamu, ile tunayoiita COMICO, ikatambuliwa na Serikali. Mwaka 1974 Mobutu akachukua shule zote za dini, na somo la dini likatolewa, mahali pake pakaja mafunzo ya chama. Serikali ikashindwa kuzibeba. Tarehe 26 Februari 1977 ikasaini konvansioni na makanisa: Serikali inaweka programu na kulipa walimu, dini inaongoza shule na kufundisha kozi yake ya dini. Baadaye Waislamu nao wakaingia katika mpango huo. Ndipo jina "shule ya konvansioni ya Kiislamu" likazaliwa, miaka zaidi ya 80 baada ya Kasongo kuanguka.

Mwanzo ulikuwa wa pole. Maniema ilikuwa bado kona ya Kivu, na ilipata kuwa jimbo lake mwaka 1988 tu. Kisha vita. Mwezi wa 10 mwaka 1998 waasi wa RCD waliingia Kindu, treni ikasimama, barabara zikafungwa, na walimu wakakaa miaka bila mshahara. Wazazi ndio waliowalipa, kwa mchele na mafuta ya mawese. Lakini baada ya amani ya 2003 lilitokea jambo ambalo watafiti wa nje walilishangaa: Waislamu wa Maniema, waliokuwa nyuma ya wote kwa shule, walianza kufungua shule za msingi na sekondari kwa haraka, na milango yake ikawa wazi kwa watoto wa dini zote. Katika shule hizo leo utamkuta mtoto Mkatoliki anakaa benchi moja na mtoto wa imamu. Babu wa mmoja alikimbia katekisimu. Mjukuu wa mwingine anasikiliza somo la zaka.

Basi kwa mwanafunzi wa leo kazi ikoje? Kwanza, ajue kwamba kozi ya dini inapimwa shuleni, kipindi kwa kipindi na kila semesta, na pointi zake zinaingia kwenye buleti. Maksima yake ni ndogo ukilinganisha na Kifaransa au hesabu, ndiyo sababu wengine huiacha mpaka usiku wa mwisho. Kenya na Tanzania ni tofauti: huko elimu ya dini ya Kiislamu ni somo kamili katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, lina karatasi yake na cheti kinaonyesha daraja lake. Mtoto wa Kigoma, ambaye huenda ni binamu wa mtoto wa Kindu, anaweza kuhesabiwa ujuzi wake wa Kurani mbele ya taifa. Mtoto wa Kindu hahesabiwi hivyo. Anasoma dini kwa ajili ya buleti na kwa ajili ya nafsi yake.

Pili, kuna ugumu wa lugha, na huo ndio unaoangusha wengi. Kurani ni ya Kiarabu. Maelezo ya mwalimu ni ya Kiswahili, na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, imeenea kila mahali wanaposoma Kiswahili. Lakini shule ya sekondari ni ya Kifaransa, na mtihani wa Serikali ni wa Kifaransa, kuanzia ile insha inayoandikwa kabla ya siku za itemu. Mtoto aliyelelewa madrasa ana kumbukumbu kali. Anaweza kusoma juzuu nzima bila kukosea. Insha inamwomba kitu kingine: achukue wazo, alipinge, alitetee, atoe mfano, afike mahali. Walimu wenye uzoefu huwafanyisha zoezi rahisi: chukua hadithi moja unayoijua kwa moyo, ieleze kwa Kiswahili kwa maneno yako, kisha iandike kwa Kifaransa mistari 10. Anayefanya hivyo kila juma amejiandaa kwa dini na kwa insha kwa mkono mmoja. Na tahadhari moja kuhusu tarehe: mwaka 1 wa hijra ni 622 wa Miladi, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11. Anayejumlisha 622 tu amekosea.

Tatu, kuna wale waliofika Kindu bila kitu. Familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vya Kabambare, na zile zilizotoka Kivu kwa sababu ya vita, mara nyingi zimeacha buleti nyumbani au zimeipoteza njiani. Shule inaiomba, na bila buleti za miaka ya nyuma jina la mtoto halikai vizuri kwenye orodha ya watahiniwa. Mzazi asingojee mwezi wa mwisho. Aende kwa prefe mapema, akiwa na karatasi yoyote iliyobaki, hata kaye yenye muhuri wa shule ya zamani, hata picha ya buleti kwenye simu ya ndugu, na aulize ofisi ya elimu ya eneo jinsi ya kutafuta nakala. Kama mwalimu wa shule ya zamani naye amekimbilia hapa, na wengi wamekimbia, ushahidi wake unaweza kusaidia.

Watoto hao, kwa upande wa kozi ya dini, mara nyingi hawako nyuma. Madrasa huhama na watu. Mkeka unakunjwa asubuhi na kutandikwa jioni penye kivuli kingine, na mwalimu hahitaji jengo. Kuna mama katika mtaa mmoja wa Mikelenge, mkimbizi kutoka Kabambare, ambaye kila magharibi hukalisha wanawe watatu na wa jirani, anawasikiliza wakisoma, naye hajui kusoma Kifaransa hata neno. Anapomaliza anamwachia mkubwa, aliye kelasi ya sita, kibatari na mafuta ya saa mbili. "Hayo ya kwangu yamekwisha," humwambia. "Sasa soma ya Serikali."

Matokeo ya Exetat siku hizi yanakuja kwa simu na kwa redio. Aliyepita hupakwa poda nyeupe kichwani na kuzungushwa mtaani kwa nyimbo. Katika nyumba za Kiislamu za Kindu kuna desturi nyingine inayofuata jioni, poda ikiwa bado nyweleni: mzee anamwita mtoto, anamketisha mkekani, na kumwomba asome sura moja, yoyote, kabla ya wali kupakuliwa.